Samaki wanakufa kila nikinunua, amebaki mmoja tu, naombeni msaada (tenki jipya, Dar)

BabaNeema
Jumatatu, saa 3:10 usiku

Habari za usiku wakuu. Mimi ni mgeni kabisa kwenye haya mambo ya kufuga samaki wa urembo, niko Tabata, naombeni mnisaidie maana nimeshaishiwa akili.

Iko hivi, mwanangu ana miaka 7, alikuwa ananisumbua muda mrefu anataka samaki, mwezi uliopita nikampelekea fundi vipimo akanitengenezea tenki la kioo, urefu sm 60, upana 30, kimo 35. Nikanunua kokoto zile za rangi, filta ya kuzamisha ndani yenye sponji, na taa. Ijumaa jioni nikaunga mpira kwenye bomba nikajaza maji, Jumamosi asubuhi nikaenda Kariakoo nikarudi na samaki 12, goldfishi wanne na gapi nane. Muuzaji nilimwambia tenki ni jipya akasema haina shida weka tu, wape chakula asubuhi mchana na jioni.

Usiku ule ule gapi wawili wakafa. Nikasema labda ni safari. Jumanne wakaanza kupanda juu wote wanahema mdomo ukiwa nje ya maji, Alhamisi goldfishi watatu wamelala ubavu, na maji yamekuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Nikaona ni uchafu, nikamwaga maji yote, nikaosha tenki, kokoto, filta, kila kitu kwa sabuni ya unga nikasuuza mara tano nikajaza tena. Waliobaki wote hawakumaliza siku mbili.

Nikanunua tena gapi sita wiki iliyofuata. Leo ni siku ya nane, watano wamekufa. Amebaki jike mmoja ana tumbo kubwa, anakaa pale kona maji ya filta yanapotokea, hasogei. Binti ameshampa jina na kila akitoka shule anaenda kumuangalia kwanza kabla hata hajavua begi. Sitaki huyu afe wakuu. Tatizo ni nini, ni ugonjwa? Ni maji ya hapa Dar? Au nimeuziwa samaki wabovu?

mjombaSinza
Jumatatu, saa 3:25 usiku

Pole sana mkuu. Mimi nadhani ni fangasi, katafute ile dawa ya bluu ya maduka ya samaki weka matone kumi na chumvi vijiko viwili, halafu uwe unamwaga maji yote kila wiki unaosha, samaki wanataka usafi. Mimi jirani yangu anafanya hivyo.

Msamaki
Jumatatu, saa 4:40 usiku

Baba Neema pole sana, na kabla hujalala usifanye alichosema mjomba hapo juu, samahani mjomba najua una nia njema lakini dawa ya bluu kwa samaki asiye na ugonjwa inaenda kuua kitu ambacho ndicho anachokikosa, na kumwaga maji yote ndiyo kilichomaliza wale wa mwanzo. Nitaeleza kirefu kwa sababu hili swali linarudi kila siku na watu wanakata tamaa bure wakati samaki hawana kosa.

Umeua kwa vitu viwili tofauti na siku zenyewe zinaonyesha. Wale wawili wa usiku wa kwanza, hiyo ni klorini. Maji ya bomba yetu yanatoka Mto Ruvu yanatiwa klorini ili sisi tusiumwe tumbo, kwetu ni salama ila samaki anapitisha maji kwenye mashavu muda wote, klorini inamuunguza mashavu. Maji ya bomba yanatakiwa yakae kwenye ndoo wazi angalau saa 24 ndiyo uyatumie, ukiweka pampu ya hewa ndani ya ndoo yanakuwa tayari mapema zaidi. Au ununue dawa ya kuondoa klorini, nyingi zina thiosalfeti, matone machache tu na ndani ya dakika chache imeisha, ila fuata kipimo cha kwenye chupa.

Wale waliokufa siku ya nne, ya tano, ya nane, hiyo ni amonia. Samaki anatoa amonia kupitia mashavu na kwenye kinyesi, na chakula kinachobaki chini kikioza kinatoa amonia. Mtoni au ziwani inasambaa na kuliwa na viumbe vingine, kwenye tenki haina pa kwenda. Kinachookoa ni bakteria. Kuna kundi la kwanza linakula amonia linatoa nitriti, ambayo nayo ni sumu, inaingia kwenye damu ya samaki damu inashindwa kubeba oksijeni. Halafu kuna kundi la pili linakula nitriti linatoa nitreti, hii samaki anaivumilia mpaka kiasi kikubwa, wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji kidogo kidogo. Hawa bakteria wanaishi kwenye sponji ya filta, kwenye kokoto, kwenye kuta za kioo, maji yenyewe hayana wengi. Na hawaji siku moja, tenki jipya linachukua wiki nne mpaka sita kabla hawajatosha, wakati mwingine nane.

Sasa wewe umeweka samaki 12 siku ya pili, kati yao goldfishi wanne, na goldfishi anachafua maji kuliko karibu samaki wote wadogo wanaouzwa, tena unalisha mara tatu kwa siku. Amonia imepanda bakteria hawapo. Halafu wale wachache walioanza kujenga umewaosha na sabuni. Ule weupe wa maji ya mchele ulikuwa ni bakteria wengine wanaoelea wanakula uchafu, unatokea kwenye matenki mapya mengi na unaisha wenyewe, ukiumwaga unarudi.

Huyo jike anakaa pale maji yanapotokea kwa sababu ndipo penye hewa. Angalia mashavu yake kwa tochi ya simu, pembeni, usimmulike usoni. Yakiwa mekundu kupita kawaida na anafungua haraka haraka ni amonia, yakiwa na rangi ya kahawia ni nitriti. Tuambie.

Hesabu yako ya maji: 60 mara 30 mara 35 ni lita 63 likijaa pomoni, ukijaza mpaka sm 30 ni lita 54. Kwahiyo ndoo moja ya lita 10 ni karibu moja ya tano ya tenki. Usiku huu jaza ndoo tatu nne za maji ya bomba uziache wazi. Kesho usiku unatoa ndoo moja ya tenki unarudisha ndoo moja iliyokaa, polepole, kwa kikombe, na joto liwe sawa na la tenki. Fanya hivyo kila siku. Chakula usimpe kesho, keshokutwa mpe kidogo anachoweza kumaliza kwa dakika mbili, halafu siku moja unaruka. Samaki hafi njaa kwa siku tatu, anakufa kwa kushibishwa. Filta isizimwe usiku wala mchana. Sponji usiiguse.

DadaKigamboni
Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Naongezea kwa alichosema kaka Msamaki, nakubaliana naye yote. Zile ndoo zifunikie neti au kipande cha kanga chepesi, hewa inapita ila mbu hawatagi. Siku moja haidhuru lakini watu huwa tunaanza na ndoo ya siku moja tunaishia na pipa la wiki mbili nyuma ya nyumba, na mji huu dengue tunaijua, mwaka 2019 mtaani kwetu waliumwa watu wengi. Yai la mbu mpaka mbu mzima inaweza kuchukua wiki tu kwa joto la huku.

Kuhusu maji, Baba Neema wewe una bahati una bomba. Sisi huku wengi tunatumia kisima na visima vya karibu na bahari vingi ni chumvi, ukiyaonja unayajua. Mimi nilihangaika mwaka mzima na gapi wanadhoofu mapezi yanakunjamana, mpaka nikaacha kushindana na maji nikafuga moli. Moli anavumilia maji ya chumvichumvi vizuri kabisa, nina weusi na wa dhahabu wanazaa mpaka nagawa. Kwahiyo wa visima msomao hapa, onjeni maji yenu kwanza ndiyo mchague samaki.

Tenki umeliweka wapi? Kama liko karibu na dirisha linapigwa na jua la mchana, au nyumba ni bati tupu bila dari, hilo nalo ni tatizo la peke yake.

BabaNeema
Jumanne, saa 2:30 usiku

Asanteni sana sana, nimesoma mara mbili. Nimemmulika kama ulivyosema Msamaki, mashavu ni mekundu sana na anahema haraka. Nimebadilisha ndoo moja sasa hivi, nimemimina kwa kikombe nusu saa nzima, binti ameshika kikombe yeye.

Dada, tenki liko sebuleni chini ya dirisha, jua linaingia kuanzia saa nane mpaka saa kumi. Nilidhani samaki wanahitaji mwanga. Leo nimenunua kipimajoto cha kubandika, saa tisa alasiri kilikuwa 33.

DadaKigamboni
Jumanne, saa 2:50 usiku

33 ni nyingi mno! Ondoa hapo. Maji yakipata joto yanabeba oksijeni kidogo, kwenye nyuzi 20 lita moja inabeba kama miligramu 9 na kwenye nyuzi 30 inashuka mpaka 7 na nusu hivi, na wakati huohuo mwili wa samaki kwenye joto unataka oksijeni nyingi zaidi. Tena amonia inakuwa kali zaidi maji yakiwa ya moto. Gapi anapenda 24 mpaka 28, mpaka 30 anavumilia. Wale goldfishi wako hata wangepona bado Dar ingewasumbua, ni samaki wa maji ya baridi, 18 mpaka 22 ndiyo raha yao, halafu wanakua wakubwa, yule wa kawaida anaweza kufika sm 30, tenki lako lote ni sm 60. Inaniuma wanavyouzwa kwenye vibakuli.

Mimi sina hita na sijawahi kuwa nayo, Dar haihitajiki kwa samaki hawa, hata Julai usiku maji ya ndani hayashuki sana. Shida yetu ni kupoza. Toa mfuniko wa kioo weka neti, elekeza feni ndogo ipulize juu ya maji, itashusha nyuzi mbili mpaka nne kwa sababu maji yanavukizwa, ila utaona yanapungua kila siku kwahiyo ujazie yale yaliyokaa. Siku ya joto kali sana gandisha chupa ya nusu lita ya maji iache ielee, moja tu, usishushe kwa ghafla. Barafu yenyewe usitumbukize.

FundiVioo_Buguruni
Jumatano, saa 12:40 asubuhi

Ndugu nimeona unataka kuhamisha tenki, tafadhali USILIINUE NA MAJI. Mimi natengeneza haya matenki na kesi nyingi ninazoletewa za kuvuja zinatokea hapo. Lita moja ya maji ni kilo moja, una kilo 54 za maji, ongeza kioo na kokoto unavuka kilo 70, mkilibeba watu wawili mmoja akiinua kabla ya mwenzake kioo cha chini kinapinda na silikoni inaachia. Toa maji kwenye ndoo mpaka ibaki vidole vitatu, samaki muweke kwenye ndoo na maji yake ya tenki, sponji iweke kwenye ndoo hiyohiyo isikauke.

Meza unayoweka pima kwa pima maji, ile ya mafundi ujenzi. Kama imelalia upande tandika stairofomu ya unene wa sm 1 hivi chini ya tenki lote, siyo pembeni tu, inameza vichanga na mabonde. Tenki likikaa pembe moja juu siku moja litapasuka, mara nyingi usiku.

Na swali, lilipotengenezwa lilikaa siku ngapi kabla ya kutiwa maji? Silikoni inatakiwa ikauke mpaka ile harufu ya siki iishe, mimi nawaambia wateja wiki moja. Na isiwe ile ya mabafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, hiyo ni sumu kwa samaki. Muulize fundi wako alitumia ipi.

BabaNeema
Jumatano, saa 3:00 usiku

Fundi asante, nimempigia, ametumia ile ya kawaida ya vioo na lilikaa siku kumi kwake. Hapo niko salama. Jioni nimehamisha kama ulivyoelekeza, sasa liko ukuta wa ndani mbali na dirisha, pima maji nimeazima kwa jirani na kweli meza ilikuwa imelala kushoto. Feni nimeweka. Saa tatu hii kipimajoto 29.

Jike bado mzima, ila hajala. Maji yameanza weupe tena kidogo nimejizuia kumwaga.

Msamaki
Jumatano, saa 3:45 usiku

Usimwage, acha weupe uende wenyewe. Umefanya vizuri sana.

Sasa nikupe njia ya mkato na ni ya kweli. Bakteria unaweza kuhamishiwa. Nina tenki la miaka minne, sponji yangu imejaa wale wadudu, nikikukatia kipande ukakibana nyuma ya sponji yako badala ya kusubiri wiki sita unaweza kuwa sawa ndani ya wiki moja mbili kwa samaki wachache. Niko Kimara, Jumamosi napita Tabata. Kitakuwa kimelowa, nitakileta ndani ya mfuko na maji ya tenki langu, ukikipokea usikisuuze na maji ya bomba hata kidogo, kiingize moja kwa moja. Najua kitaonekana kichafu, ule ukahawia ndiyo wenyewe.

Hili nalisema kwa wote: sponji ukiona imeziba maji yanatoka kidogo, ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tenki siku ya kubadilisha. Ukiiweka chini ya bomba klorini inaua bakteria unaanza upya.

Na nunua vijikaratasi vya kupimia, vile vya nitriti na nitreti, na kama utapata cha amonia ni bora zaidi. Bila kupima unabahatisha. Tenki lililokomaa linasoma amonia sifuri, nitriti sifuri, nitreti ipo kiasi.

mjombaSinza
Alhamisi, saa 2:15 asubuhi

Msamaki nashukuru kwa kunirekebisha, kweli sikujua hilo la bakteria. Yule jirani yangu nimemuuliza jana na kumbe huwa ananunua samaki wapya karibu kila mwezi. Nimempa haya maelezo asome. Na ile chumvi je, haisaidii kabisa?

Msamaki
Alhamisi, saa 12:20 jioni

Chumvi inasaidia mahali pake mjomba. Nitriti ikipanda, chumvi kidogo inaizuia isiingie kwenye damu ya samaki, na gapi na moli hawana shida nayo. Lakini haiondoi amonia, na baadhi ya mimea haiipendi. Kwa Baba Neema kubadilisha ndoo moja kwa siku kunatosha.

kijana_mbuna
Alhamisi, saa 4:10 usiku

Wakuu niingie kwa upande mwingine kidogo maana mada ni nzuri. Mimi nimezaliwa Kigoma niko Ubungo sasa, na huwa inaniuma kuona hapa mjini tunahangaika na goldfishi wa kutoka nje wakati watu wa Ujerumani na Marekani wanalipa hela nyingi kupata samaki wetu. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za sikilidi, ni jamii moja kubwa ya samaki, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani, Tropheus, Julidochromis, Frontosa yule mwenye kibiongo na mistari ya bluu, wanavuliwa kule nyumbani wanasafirishwa. Ziwa Nyasa nako kuna mbuna, wale wa manjano na bluu wanaoishi kwenye mawe.

Na kwa maji yetu wanafaa! Maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, pH (kipimo cha uasidi, namba ikipanda uasidi unapungua) inafika karibu 9, joto nyuzi 24 mpaka 27, huhitaji dawa ya kulainisha. Mawe ya matumbawe haya tunayojengea Dar, ambayo watu wa gapi wanaogopa, kwa hawa ni mazuri kwa sababu yana chokaa. Ukitaka kujua jiwe lina chokaa lidondoshee siki, likitoa povu linayo. Ila Baba Neema wewe usianze nao, kwanza wanapigania maeneo na lita 54 ni ndogo kwa wengi wao, na pH ikiwa juu amonia inakuwa kali, pH ikipanda kwa moja ile sehemu yenye sumu inazidi karibu mara kumi. Kwahiyo kwa hawa samaki usifanye mchezo na tenki ambalo halijakomaa.

Kuna na wengine wako hapahapa pwani wengi hawawajui. Nothobranchius, wanaishi kwenye madimbwi ya mvua, Rufiji wapo, Unguja wapo, dume ana mkia mwekundu unaowaka. Dimbwi likikauka wazazi wanakufa mayai yanabaki kwenye tope miezi na miezi, mvua zikija yanaanguliwa. Mdogo wangu nilimuonyesha dimbwi la namna hiyo barabara ya Kilwa akabaki mdomo wazi, kwamba maji haya ya tope yana samaki wa rangi hivi.

Ombi moja tu, gapi na goldfishi mkichoka nao msiwamwage mtoni wala kwenye mfereji. Wakizoea kule watawabana hao wa kwetu. Mpe mtu.

BabaNeema
Jumamosi, saa 11:30 jioni

Msamaki amefika kweli wakuu, na hakutaka hata hela ya bodaboda. Sponji tumeibana na kamba ya uvuvi nyuma ya yangu. Kanipa pia shina la maniplanti, mizizi inaingia kwenye maji na majani yanabaki nje, anasema inanyonya nitreti, na majani fulani ya kuelea. Jike ameonekana ametoka kwenye ile kona mara mbili.

Nimepima na vijikaratasi, nitriti rangi ya waridi iliyokolea. Nimebadilisha ndoo mbili leo.

DadaKigamboni
Jumamosi, saa 1:10 jioni

Nafurahi kusikia! Ndoo mbili ni sawa mpaka ishuke. Huyo jike ana tumbo kubwa, na doa jeusi karibu na mkia je, lipo? Kama doa limekolea ana mimba huyo. Gapi jike anahifadhi mbegu za dume ndani kwa miezi, anaweza kuzaa mara kadhaa bila dume kuwepo. Hayo majani ya kuelea yatawaficha watoto, maana mama mwenyewe huwa anawala.

Swali la muhimu: umeme ukikatika umejipangaje?

BabaNeema
Jumamosi, saa 1:25 jioni

Sijajipanga dada. Sikulifikiria kabisa.

DadaKigamboni
Jumamosi, saa 2:00 usiku

Basi jipange kabla haijatokea, mimi nilipoteza moli kumi na moja usiku mmoja nikiwa nimelala. Nunua pampu ndogo ya hewa ya waya wa USB, ile ya kuchomeka kwenye pawabanki, inatumia umeme kidogo sana, pawabanki ya mAh 10,000 inakupeleka usiku mzima. Ukikosa, chota maji kwa kikombe umimine toka juu kidogo, dakika mbili tatu kila baada ya dakika ishirini, hewa inaingia. Usilishe umeme ukiwa umekatika. Na kama filta yako ni ile ya boksi la kufunga na imekaa imezimwa masaa mengi, usiiwashe tu umeme ukirudi, bakteria wa ndani wanakuwa wamekufa kwa kukosa oksijeni na itatapika maji machafu yote ndani, fungua kwanza usuuze kwa maji ya tenki. Ya kwako ya sponji wazi ina nafuu.

BabaNeema
Wiki mbili na siku mbili baadaye, Jumatatu, saa 4:15 usiku

Wakuu narudi na mrejesho kama nilivyoahidi.

Weupe uliisha siku ya nne tangu sponji iingie, niliamka asubuhi naona mpaka ukuta wa nyuma. Nitriti ilianza kushuka wiki iliyopita, juzi, jana na leo kijikaratasi ni cheupe kabisa, nitreti iko kwenye 20. Nimerudi kwenye ndoo moja mara mbili kwa wiki.

Alhamisi umeme ulikatika saa sita usiku. Pampu nilikuwa nayo lakini pawabanki ilikuwa haina chaji, simu zilikuwa zimeimaliza. Nikakaa kwenye kiti na kikombe kama dada alivyosema, nachota namimina, nasubiri, nachota namimina, mpaka saa kumi na nusu umeme ulipowaka. Katikati nikamulika na tochi kumuangalia nikaona kitu kimekaa kwenye mizizi ya maniplanti, kidogo kama kijiti cha kiberiti kilichovunjwa, kina macho. Nikahesabu tisa. Nilimuamsha mama yake, binti nilimuacha alale ana shule.

Asubuhi tulihesabu naye, kumi na nne. Mama yao mzima na tumbo limekwisha. Sasa naombeni, hawa watoto nawalisha nini, na je waongezeke mpaka wangapi kwa lita 54?

Msamaki
Jumatatu, saa 4:50 usiku

Hongera sana Baba Neema, na mpe hongera binti! Chakula kilekile cha mama yao kisage kwa vidole mpaka kiwe unga kabisa, kidogo sana mara tatu kwa siku, na kiini cha yai la kuchemsha unaweza kuwapa ncha ya kijiti mara moja kwa wiki, kikizidi kitaoza. Kwa kuwa unalisha zaidi sasa, pima nitriti kila siku wiki hii, ikionyesha rangi yoyote rudi kwenye ndoo moja kila siku. Ukinyonya uchafu chini funga soksi nyepesi mdomoni mwa mpira usiwavute.

Lita 54 gapi kumi na tano wakubwa wanaenea vizuri, wakizidi hapo anza kugawa. Wakifika wiki nne hivi tenganisha madume na majike, la sivyo mwezi wa tatu utakuwa na mia. Wawili niwekee mimi.

mjombaSinza
Jumanne, saa 1:00 asubuhi

Na mimi wawili tafadhali, nimeshajaza maji tenki langu wiki ya pili hii, sijaweka samaki, naweka kachakula kidogo kila siku kwa ajili ya bakteria. Nitasubiri mpaka kijikaratasi kiwe cheupe.

BabaNeema
Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Mmepata. Binti anasema mchague wenyewe mkija, isipokuwa yule mwenye doa la chungwa mkiani, huyo wa kwake.